Rafiki, Sahibu na Walii: Maneno Haya Si Mamoja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa na uwezo wa kubainisha; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darasa letu la baada ya sala ya Isha alitujia kijana mmoja, mwanafunzi wa sekondari, na swali ambalo mwanzo tulilidhani kuwa dogo. Kijana huyu ana mwenzake wa dawati moja, Mkristo, ambaye wamesoma pamoja muda wa miaka mitatu. Baba wa kijana wetu alipofariki, mwenzake huyo alikuja mazishini. Alisimama nje ya ukuta wa makaburi mpaka watu wakamaliza dua, kisha akamwendea akampa mkono wa taazia. Haikupita miezi mingi naye akafiwa na mama yake. Kijana wetu hakwenda.

Hakuacha kwenda kwa kuwa hakuona uchungu. Aliacha kwa kuwa alikuwa amesoma, katika kijitabu alichopewa, tafsiri ya aya ya 51 ya Suratul Maida, nayo ilimwambia kwamba Waislamu wamekatazwa kuwafanya Mayahudi na Wakristo kuwa marafiki. Akajiuliza: ikiwa huyu si rafiki, nitamwendea kwa jina gani? Na ikiwa ni rafiki, je, nimekwisha kuasi?

Miongoni mwetu palikuwa na waliomjibu kwa haraka. Mmoja alimwambia: umefanya vyema. Mwengine alimwambia: nenda zako, hayo yalikuwa mambo ya zamani. Majibu haya mawili hayakututuliza. La kwanza lilimkata mtu na jirani yake kabla ya kuichungua aya; na la pili liliikata aya na watu wake, ilhali neno la Mwenyezi Mungu halichakai. Ndipo tulipoona kwamba yatupasa kurudi kwenye neno lenyewe lililotumika, na kuuliza: je, lile neno la Kiarabu ni sawasawa na neno letu rafiki? Maana mtu aweza kuiamini aya kwa moyo safi, na huku anatii neno ambalo aya haikulisema.

Ndugu msomaji, Kiarabu kina vyombo vingi vya kuwekea maana ya urafiki, na kila chombo kina kipimo chake. Sisi tunapofasiri, mara nyingi huvimimina vyote katika kibuyu kimoja tukakiita rafiki. Na tuvitazame kimoja kimoja.

Neno letu rafiki latokana na rafiiq la Kiarabu. Asili yake ina mambo mawili: upole, na kuandamana njiani. Kutoka asili hiyo hiyo Waarabu hupata neno la kiwiko, yaani mahali pa mkono ambapo mtu huegemea. Rafiki basi ni yule unayemwegemea safarini. Neno hili limewafaa sana watu wa pwani yetu, ambao kwa karne nyingi walikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi, na waliojua kwamba baharini mtu hamchagui mwenzake kwa kabila wala kwa mali, bali kwa kuaminika kwake wakati tanga linapopasuka.

Lakini Mwarabu akitaka kumtaja rafiki wa kawaida, siku hizi na tangu zamani, neno lake lililo mbele ni sadiiq. Asili ya neno hili ni ukweli. Sisi Waswahili tumeichukua asili hiyo kwa mlango mwengine: tukapata kusadiki, yaani kuamini, na tukapata sadaka, ambayo ni alama ya ukweli wa imani ya mtu. Rafiki wa aina hii hatukulichukua jina lake. Katika Qurani jina hilo limo katika Suratun Nur, aya ya 61, ambamo nyumba ya sadiiq imetajwa pamoja na nyumba za baba, mama, ndugu, ami na wajomba, kuwa ni mahali ambapo mtu haoni lawama kula chakula. Tazama basi daraja aliyopewa: ametiwa katika safu ya jamaa wa damu.

La tatu ni swahib, ambalo kwetu limekuwa sahibu au swahiba, na ndugu zetu Wasomali wasema saaxiib. Asili yake ni kuandamana tu, kuwa pamoja na mtu. Neno hili halisemi kwamba hao wawili ni wa dini moja, wala kwamba nyoyo zao ni moja. Katika Suratul Kahf kuna kisa cha mtu mwenye mabustani mawili aliyeghurika kwa mali yake hata akaikanusha Kiyama, na mwenzake mwenye imani aliyekuwa akizungumza naye. Qurani yawaita hao wawili masahibu: mwenye kukanusha ni sahibu wa mwenye kuamini, na mwenye kuamini ni sahibu wa mwenye kukanusha. Na zaidi ya hayo, katika Suratun Najm na Suratut Takwir, Mwenyezi Mungu anapowasemesha makafiri wa Makka khabari za Mtume (S.A.W.), humwita sahibu wao. Hawakuwa wamemwamini, lakini alikuwa amekaa nao, wakamjua na kuujua uaminifu wake. Usahibu huo haukufutwa na kufuru yao.

La nne ni khalil. Huyu ni yule ambaye mapenzi yake yameingia mpaka ndani kabisa ya moyo, pasibaki nafasi ya mwengine. Nabii Ibrahim (A.S.) ndiye aliyepewa sifa hii katika Suratun Nisaa, aya ya 125. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume wetu (S.A.W.) alieleza kwamba lau angalikuwa mwenye kumfanya mmoja katika umati wake kuwa khalil, basi angalimfanya Abu Bakr, lakini alichobaki nacho kwake ni udugu wa Kiislamu. Basi Abu Bakr, ambaye Qurani yamtaja kuwa sahibu wa Mtume katika pango, hakuitwa khalil wake. Mwenye kudai kwamba maneno haya yote ni mamoja, na amtafutie Hadithi hii maana.

La tano ndilo lililomsumbua kijana wetu: walii, na wingi wake ni auliyaa. Hapa Waswahili hatuna udhuru wa kutojua, kwani neno hili limo vinywani mwetu kila siku. Hadi miaka ya 1960 pwani yetu ilikuwa na Maliwali. Na Liwali ni neno la asili hii hii, maana yake mwenye kutawala mambo ya watu. Binti anapoolewa, nikahi haisomwi bila ya walii wake, yaani mwenye kusimamia jambo lake na kusema kwa niaba yake. Je, kuna mtu yeyote Mombasa, Lamu au Malindi aliyepata kudhani kwamba Liwali maana yake ni rafiki wa mji, au kwamba walii wa bi harusi ni rafiki yake? Hata kidogo. Sote twajua kwamba asili hii ina maana ya kushika amri ya mtu, kumlinda na kumsimamia. Walii ni yule uliyemkabidhi jambo lako.

Na kwa kuwa tumelifikia neno hili, haidhuru kusema kwamba limepata msiba wa pili kwetu. Watu wengi wakisikia walii huwaza kaburi lenye kuba na ubani, na mtu aliyekufa zamani anayeombwa haja. Qurani, katika Suratu Yunus, aya ya 62 na ya 63, imewaeleza mawalii wa Mwenyezi Mungu kwa sifa mbili tu: wameamini, na walikuwa wakimcha. Mchukuzi wa bandarini mwenye sifa hizo mbili yumo katika hesabu hiyo. Neno likipotea maana, ibada nayo hupotea njia.

La sita ni bitana. Fundi yeyote wa kushona majoho na makoti alijua: ni kitambaa cha ndani ya nguo, kinachogusa mwili. Suratu Aali Imran, aya ya 118, yakataza kuwafanya bitana watu wasio katika nyinyi, na papo hapo yataja sababu: kwamba hao hawaachi kuwatakia nyinyi maangamizo, na chuki yao imekwisha kudhihiri vinywani mwao. Kiswahili kina neno zuri mno la maana hii, nalo ni mwandani, yaani mtu wa ndani. Mwandani husikia siri za nyumba. Ni mwenye akili gani atakayemkabidhi siri za watu wake mtu mwenye kuwatakia shari? Hilo si katazo la kumpa mtu mkono wa taazia.

Sasa turudi kwenye aya ya 51 ya Suratul Maida. Neno lililomo ni auliyaa. Imamu Tabari, aliyefariki mwaka 923, na ambaye tafsiri yake ni mama wa tafsiri nyingi, ameileza kwa maana ya kuwafanya watu hao kuwa wasaidizi na washirika wa ahadi za vita dhidi ya Waislamu. Na riwaya za wafasiri zaizungumzia hali ya Madina, ambako makabila yalikuwa na mikataba ya kulindana, na baadhi ya watu wakitaka kuweka mguu huku na mguu kule, wakingoja waone nani atakayeshinda. Aya ya 57 ya sura hiyo hiyo yaongeza sifa ya wanaokatazwa: ni wale wanaoifanyia dini yenu mzaha na mchezo.

Kisha, ili pasibaki shaka, Suratul Mumtahina, aya ya 8 na ya 9, yapambanua waziwazi. Wale ambao hawakuwapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwenu, Mwenyezi Mungu hawakatazi kuwafanyia wema na uadilifu. Anaowakataza kuwafanya auliyaa ni wale waliowapiga vita, wakawatoa majumbani, na wakasaidia kutolewa kwenu. Na neno lililotumika kwa wema huo wa kwanza ni lile lile linalotumika kwa wema wa mtoto kwa wazazi wake.

Wako watakaosema kwamba haya ni hila za lugha, na kwamba twataka kuilainisha dini ili tupendwe na watu. Na watazame mwendo wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Katika mwaka 622, alipotoka Makka pamoja na Abu Bakr, na roho yake ikiwa imewekewa bei, aliyewaongoza njia ya jangwani alikuwa mtu aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi. Vitabu vya sira vyamtaja kwa jina la Abdullah bin Uraiqit. Walimwamini, wakampa ngamia wao wawili awachunge, na wakaagana naye akutane nao pangoni baada ya siku tatu. Naye akatimiza. Huyo alikuwa rafiki kwa maana ile ya asili kabisa ya neno letu: mwenzi wa safari mwenye kuegemewa. Hakuwa walii wao, wala hakuwa khalil wao. Lakini alikuwa mkweli wa ahadi, na ukweli wake haukukataliwa kwa sababu ya dini yake.

Tena yamepokewa katika Bukhari kwamba kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume alipougua, Mtume alikwenda kumzuru, akaketi kichwani pake, na akamwita katika Uislamu, naye akasilimu. Hapa pana funzo kwa makundi yote mawili yaliyomjibu kijana wetu. Mtume hakuacha kwenda kwa sababu mgonjwa ni Myahudi. Na alipokwenda hakuuficha ukweli kwa sababu ya kuona haya. Na jeneza la Myahudi lilipompitia alisimama, na alipoambiwa ni la Myahudi, jawabu lake lilikuwa kuwauliza kama hiyo nayo si nafsi.

Msiba huu wa tafsiri haukutupata sisi peke yetu. Waingereza nao walipotaka kuifasiri aya hii walikutana na shida hiyo hiyo. Pickthall, katika tafsiri yake ya mwaka 1930, alitosheka na neno lao moja la rafiki. Yusuf Ali, katika miaka hiyo ya 1930, aliona halitoshi, akaliongezea neno la walinzi. Na neno hilo la Kiingereza asili yake ni kitenzi cha kale cha kupenda, hivyo msomaji wa lugha hiyo akilisoma hufahamu kwamba amekatazwa kupenda. Wayunani wa kale nao walikuwa na neno philia, pana kuliko yote haya, lililowakusanya washirika wa biashara, jamaa na wananchi wa mji mmoja. Kwa hiyo Aristotle alipoandika juu yake, katika kitabu chake cha maadili, ilimlazimu kuligawa mafungu matatu: urafiki wa manufaa, urafiki wa starehe, na urafiki wa wema. Na aliona kwamba yale mawili ya kwanza huvunjika upesi, kwa kuwa manufaa yakesha hapana tena kinachowafunga. Na hapa kwetu Kenya, Mgiriama atamwita rafikiye msena, Mkikuyu murata, na Mjaluo osiep. Na hakuna mmoja wao ambaye akilitaja neno lake humkusudia mtu wa kumkabidhi utawala wa watu wake.

Basi tumeona kosa la kulibana neno. Lakini lingekuwa jambo la dhuluma kuishia hapo, kwani liko na kosa la kulipanua, nalo ndilo lililoenea zaidi miongoni mwetu. Leo rafiki amekuwa kila mtu. Mwenye kuuza vinyago ufuoni humwita mtalii asiyemjua rafiki. Mwenye kutaka rushwa humwita rafiki yule anayemnyang'anya. Na mwenye kuomba kura ana marafiki elfu mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Wazee wetu walikuwa na kipimo kigumu zaidi: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Na sisi wenyewe hatukusalimika. Yatupasa kukiri jambo mbele ya wasomaji wetu. Miaka kadha iliyopita tulikuwa na mwenzetu mmoja, Mwislamu, mwenye kusali safu ya mbele, aliyekabidhiwa mali ya mayatima wa ndugu yake. Tuliona nyumba yake ikipanda ghorofa na nguo za wale watoto zikichakaa. Tulikula kwake, tukacheka naye, na tukanyamaza. Tulisema nyoyoni mwetu: ni rafiki yetu, tutamwaibishaje? Alipofariki, deni likadhihiri, na watoto wale walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima pasipo kitu. Katika mambo yote tuliyomfanyia mtu yule, lile moja aliloalihitaji hatukumpa. Tulikuwa marafiki zake kwa maana ya upole wa njiani. Hatukuwa hata siku moja marafiki zake kwa maana ya ukweli.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa mwenye kudhulumiwa na akiwa mwenye kudhulumu, na Masahaba walipouliza vipi atasaidiwa mwenye kudhulumu, aliwaeleza kwamba ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Msaada huo tuliunyima. Na Qurani, katika Suratul Furqan, yamweleza dhalimu siku ya Kiyama akijiuma mikono, akitamani lau asingalimfanya fulani kuwa khalil wake. Tumezoea kuisoma aya hiyo tukiwafikiria watu wabaya wanaowavuta wenzao katika ulevi. Leo twaisoma kwa khofu nyengine: huenda fulani huyo akawa mmoja wetu, si kwa kumvuta rafikiye katika shari, bali kwa kuketi karibu naye na kumwacha aende.

Ndipo tulipofahamu kwamba swali la kijana wetu lilikuwa pana kuliko alivyodhani. Yeye aliuliza: ni nani aliye halali kuwa rafiki yangu? Na swali lililo zito zaidi ni hili: mimi ni rafiki wa namna gani kwa huyo niliyeandamana naye? Yule muumini wa Suratul Kahf alikuwa sahibu wa mtu mwenye kukanusha, na akamwambia kweli. Sisi tulikuwa masahibu wa mtu mwenye kusali, na tukamficha.

Na wala tusidhani kwamba ukweli na upole ni vitu viwili vya kuchagua kimoja. Neno rafiiq, kwa maana ya mwenzi, limekuja katika Qurani mahali pamoja tu, nalo ni katika Suratun Nisaa, aya ya 69. Hapo wametajwa Manabii, na masiddiqi, na mashahidi, na watu wema, kisha ikasemwa kwamba hao ndio wema wa kuwa marafiki. Masiddiqi ni watu wa ukweli. Basi katika aya ile moja, jina ambalo Waswahili tumelichukua na jina ambalo tumeliacha yamekutana, na la upole limewekwa kuwa sifa ya wenye ukweli. Ukweli bila ya upole humfukuza mtu kabla hajasikia. Na upole bila ya ukweli humsindikiza mtu mpaka shimoni.

Kwa hayo twawanasihi ndugu zetu mambo matatu. Kwanza, anayefasiri neno la Mwenyezi Mungu kwa Kiswahili na alipime neno kabla ya kulitoa. Auliyaa wa Suratul Maida na waitwe walinzi na wasimamizi, na pale penye shaka maneno yaongezwe kuliko kupunguzwa, kwani neno moja lililokosewa laweza kumzuia mtoto asiende msibani. Pili, waalimu wa madrasa na wawafundishe vijana tofauti ya mwandani, sahibu na walii, kwa mifano ya Liwali na ya nikahi, ambayo kila mtoto aweza kuifahamu. Tatu, kila mmoja wetu na amtazame Mwislamu mwenzake anayemwita rafiki, na ajiulize ni neno gani la kweli alilomficha mpaka leo.

Ama kijana wetu, tulimwambia aende. Alisema kwamba siku nyingi zimepita na ataona haya. Tukamwambia: hata haya hiyo ni katika ukweli; mwambie kwamba ulichelewa, na umwambie kwa nini ulichelewa. Mwenzake alisimama nje ya ukuta wa makaburi yetu kwa kutaka kuliheshimu jambo asilolijua. Si vigumu sana kwetu kwenda kubisha hodi mlangoni pake.

Wabillahi tawfiq.